Mstari Mwekundu: Tarakilishi na Tahajia katika Kazi za Wanafunzi

Mwanafunzi wa Dunga, kando ya ziwa huko Kisumu, aandikapo insha ya Kiswahili juu ya uvuvi kwa programu iliyowekewa Kiingereza, ukurasa wake hujaa mistari myekundu. Hata "Kazi i wapi?" hugeuzwa "Kazi I wapi?", kana kwamba kitenzi kishirikishi kile ni kiwakilishi cha Waingereza. Kosa hilo ni jepesi. Yatosha kubadili lugha ya programu.

Zito ni lile libakialo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, amri zake zikasomeka kwa Kiswahili. Hatua hiyo yastahili sifa. Lakini kutafsiri amri si kuchanganua lugha. Neno "hawatatuvulia" lina mofimu 7, na hapana orodha iwezayo kuyamaliza maumbo ya kitenzi hicho kimoja. Ndiyo maana Arvi Hurskainen wa Helsinki, katika miaka ya 1980, alianza kujenga kichanganuzi cha mofolojia badala ya orodha tupu.

Hata hivyo, kichanganuzi nacho hutegemea kamusi, na kamusi huchagua. "Dagaa" na "sangara" hupita. "Omena" na "mbuta", majina yatumikayo ufukoni Dunga kila asubuhi, huweza kutiwa alama. Mwanafunzi hulifuta lake, akaandika "dagaa", na mhadhiri hupokea ukurasa safi asijue kilichofutwa. Yafaa rasimu ya kwanza idaiwe pamoja na ya mwisho.