Jicho Moja kwa Kila Kichwa

Kirimu ana ngozi nyeusi, vichwa saba, pembe saba, macho saba, meno kama ya mbwa, tumbo kubwa mno na mkia wa tai. Nimejaribu kumchora mara kadhaa, na kila mara mkono unateleza pale pale: unakipa kila kichwa macho mawili. Hesabu inakataa. Vichwa saba kwa macho saba ni jicho moja kwa kila kichwa, na pembe moja juu yake.

Ni mnyama wa msitu wa Walikale, mashariki mwa Kongo, kutoka utendi wa shujaa Mwindo, wa kabila la Wanyanga. Mwaka 1956 fundi wa masimulizi aitwaye Shé-Kárisi Candi Rureke aliuimba, akauigiza na kuucheza kwa siku 12, huku Daniel Biebuyck, mtaalamu kutoka Ubelgiji, akiuandika. Mwaka 1969 ukatoka kitabuni, Biebuyck akishirikiana na Kahombo Mateene, Mnyanga mwenyewe. Kwa Kiingereza Kirimu aligeuzwa kuwa joka. Sisi hatuna haja ya joka, maana jina lake tunalo nyumbani: Kirimu ni ndugu wa zimwi wa Waswahili na irimũ wa Wakikuyu.

Wabunifu wa viumbe wa michezo ya video hushika kazi hiyo hiyo ya kuunga viungo tunavyovijua, kwa kalamu ya kompyuta. Satoshi Tajiri, aliyeanzisha Pokémon, utotoni alikuwa mkusanyaji wa wadudu. Trico, lile limnyama la The Last Guardian (2016), limevaa manyoya ya ndege lakini mwendo wake ni wa paka na mbwa. Likisitasita ukingoni mwa ukuta unaliamini, kwa kuwa paka wa jirani umemwona akisitasita hivyo hivyo. Kiumbe kigeni kuanzia kwato hadi utosi hakimtishi mtu. Hakina pa kushikia.

Ndiyo maana nayarudia yale meno. Msitu ule una chui, na chui angefaa kabisa. Kirimu kapewa ya mbwa. Naona sababu yake: meno ya chui wengi huyaona mara moja tu, tena wakiwa wamechelewa, ilhali ya mbwa wa kuwindia kila mtoto ameyaona yakivunja mfupa kando ya moto. Msikilizaji huyachukua meno anayoyajua, kisha mwenyewe anayakuza mpaka yatoshe kichwani mwa zimwi. Msimulizi amemwachia kazi, naye anaifanya bila kujua.

Mkia wa tai ndio ulionisumbua zaidi. Juu ya tumbo kubwa namna ile mkia wa ndege ni kichekesho, na ningekuwa mhariri huenda ningeufuta. Ningekosea, kama tutakavyoona. (Msitu wenyewe nao hauogopi kuunganisha: okapi, jamaa ya twiga mwenye miguu ya milia na ulimi unaofika sikioni, wanasayansi wa Ulaya hawakumpa jina lao mpaka 1901.)

Mwindo, akiwa ameshatawazwa kijijini kwao Tubondo, anatamani nyama ya nguruwe mwitu na kuwatuma wawindaji. Kirimu anawameza baadhi yao. Mwindo anamwendea na konga yake, usinga wa mkia wa nyati, na kumuua. Watu wanaubeba mzoga hadi kijijini na kuukatakata. Macho yake yanapochomwa motoni na kupasuka, wanatoka watu wazima, hai. Hapo ndipo ile hesabu ya saba ilipokuwa ikielekea: tumbo limemeza, na macho nayo yalikuwa yamebeba watu.

Harufu ya nyama ile inapaa hadi kwa Nkuba, radi, ambaye amechanjiana damu na Kirimu. Anashuka kumchukua muuaji wa rafiki yake. Nami nikaacha kuucheka ule mkia, kwa sababu mwenye mkia wa tai alikuwa na mtu huko juu.

Ufundi huu wa kumpa zimwi jamaa wa kumlilia michezo ya video imeufikia polepole. Shadow of the Colossus (2005) iliugusa: kwa kila jitu linaloanguka, mwili wa aliyeliangusha huzidi kuchakaa. Tales of Kenzera: Zau (2024), ya Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya, imemtumia Impundulu, ndege wa radi wa kusini mwa Afrika, na kiini chake ni kijana anayemlilia baba. Inafurahisha kuona radi ikiingia kwenye skrini. Kwa upande wa madini, Kivu, nchi ya Kirimu, ilishaingia humo: koltani ya Rubaya, Masisi, hutoa tantalamu ya vifaa vidogo vya kutunza umeme ndani ya mitambo ya elektroniki, na mawe ya Bisie, Walikale, hutoa bati la kulehemu. Kirimu mwenyewe bado sijamkuta ndani ya mchezo.

Nkuba anamweka Mwindo mbinguni mwaka mzima, kwenye baridi, mvua na jua kali, kati ya Mwezi, Jua na Nyota. Wanamrudisha na sharti moja: asiue tena mnyama, wa msituni wala wa kijijini, hata mdudu. Shujaa aliyeangusha vichwa saba anarudi Tubondo, na tandu akikatiza njia, yeye ndiye anayesimama.