Foleni Ambayo Haikuwepo

Picha ninayotaka kuizungumzia unaijua, hata kama hujawahi kusikia jina la aliyeichora. Kushoto kuna mnyama aliyeinama. Wa pili ameinuka kidogo, wa tatu zaidi, na mwisho kabisa upande wa kulia kuna mwanamume aliyesimama wima, anatembea kama mtu anayewahi kazini. Hapa Buhehe naiona kwenye fulana za mitumba zinazotoka sokoni Busia, wa mwisho akiwa ameshika simu au ameinamia kompyuta. Kambini, kabla sijahamia huku, niliikuta hata kwenye karatasi ya semina. Yule aliyeinama ameandikiwa "msaada", aliyesimama ameandikiwa "kujitegemea". Watu walicheka. Mama mmoja akauliza polepole, "Kwa hiyo sisi ni yule wa kwanza?" Hakuna aliyemjibu.

Swali lake ni zuri kuliko semina yenyewe. Sasa hebu tuitazame hiyo picha kama kazi ya sanaa, maana ndivyo ilivyo, na tuone inasema nini na inadanganya wapi.

Aliyeichora ni Rudolph Zallinger, Mmarekani. Ilitoka mwaka 1965 ndani ya kitabu cha F. Clark Howell kiitwacho Early Man, kwenye karatasi ndefu ya kukunjua, ikiwa na viumbe 15. Zallinger hakuwa mtu wa kubahatisha. Ndiye aliyechora ule ukuta mkubwa wa dinosaria kwenye makumbusho ya Peabody, Chuo Kikuu cha Yale. Anajua bega linavyobeba mkono na paja linavyosukuma hatua. Ukifuatisha macho yako toka kushoto kwenda kulia, miguu yako mwenyewe inataka kutembea. Hiyo ndiyo nguvu ya picha, na kosa lake limo humohumo.

Maandishi ya kitabu yanakiri wazi kwamba wale wa mwanzo walitembea kwa miguu minne, na kwamba wamesimamishwa tu ili tuweze kuwalinganisha. Yanakiri pia kwamba baadhi yao ni matawi ya pembeni, hawakumzaa yeyote aliyepangwa mbele yao. Kwa hiyo kitabu kinasema jambo moja, picha inasema jingine, na iliyoshinda ni picha, kwa sababu fulana haina maelezo. Mwanasayansi Stephen Jay Gould aliilalamikia sana mwaka 1989 katika kitabu chake Wonderful Life. Alieleza kwamba kwenye tafsiri 4 za vitabu vyake kwa lugha nyingine, wachapishaji waliweka foleni hiyohiyo kwenye jalada, wakati yeye anaandika kuipinga! Ukishaona jinsi ilivyo rahisi kuikumbuka, huwashangai.

Halafu angalia nani yumo na nani hayumo. Wote 15 ni wanaume. Hakuna mama, hakuna mtoto mgongoni, hakuna mzee anayeshikwa mkono. Wa mwisho ana sura ya Kizungu. Hakuna anayemtazama mwenzake, kila mmoja anaangalia mgongo wa aliye mbele. Sisi tuliosimama kwenye foleni ya maji na ya posho tunaijua migongo hiyo. Lakini hata foleni ya maji ina watu wanaozungumza.

Sasa tuje kwa yule wa pili. Jina lake ni Proconsul, na alikuwa jirani yetu. Ukiteremka kutoka Buhehe hadi Majanji unalikuta ziwa. Ng'ambo, upande wa Kenya, kwenye ziwa hilihili kuna kisiwa cha Rusinga, ambako Mary Leakey alipata fuvu lake mwaka 1948, la miaka milioni 18 hivi. Mifupa inaonyesha mnyama asiye na mkia aliyetembea juu ya matawi kwa miguu minne. Kusimama wima kama alivyosimamishwa na Zallinger hakukuwa kwake kabisa. Na jina lenyewe lina kisa. Consul lilikuwa jina la jukwaani la sokwe waliooneshwa Ulaya wakivalishwa suti, wakivuta sigara na kuendesha baiskeli ili watu wacheke. Proconsul maana yake ni yule aliyekuja kabla ya Consul. Yaani mnyama wa kale wa ziwa letu alipewa jina kutokana na sokwe wa maonyesho. Mwaka 2015 masalia ya Rusinga yalipewa jina jipya, Ekembo.

Maonyesho hayo hayakuishia kwa sokwe. Wenzangu Wakongo, jina la Ota Benga tusilisahau. Alikuwa Mmbuti, kutoka Kongo ya Mfalme Leopold. Samuel Verner alimpeleka Marekani kwa maonyesho ya St. Louis ya mwaka 1904. Septemba 1906 bustani ya wanyama ya Bronx, New York, ilimweka kwenye nyumba ya nyani pamoja na orangutani, na maelfu ya watu wakaja kumtazama. Wachungaji weusi wakiongozwa na James H. Gordon walipiga kelele mpaka akatolewa. Kongo hakuiona tena. Machi 1916, huko Lynchburg, Virginia, alijiua. Shirika linaloendesha bustani hiyo liliomba radhi mwaka 2020.

Kwa hiyo Zallinger hakuianzisha foleni. Ilikuwamo vichwani mwa watu miaka 60 kabla hajachora. Waliomfungia Ota Benga waliamini kwamba viumbe wote wamepangwa laini moja, na kwamba yeye alisimama mahali fulani kati ya sokwe na wao. Hata leo, mtu akitaka kumtukana mkimbizi sokoni, au shabiki wa mpira akitaka kumtukana mchezaji mweusi, neno analolichukua ni nyani. Tusi hilo linaihitaji foleni. Bila foleni halina mahali pa kusimama.

Na ushahidi unaovunja foleni hiyo umetoka hukuhuku kwetu. Ukipita Tororo na Mbale ukaenda kaskazini, unafika Moroto, Karamoja. Huko aliishi sokwe wa kale aitwaye Morotopithecus, na utafiti uliotoka mwaka 2023 ulionyesha kwamba miaka milioni 21 iliyopita tayari alikuwa na mgongo ulionyooka, akipanda miti kwenye nchi yenye nyasi na kula majani. Mgongo ulionyooka, ambao picha inautunza kama zawadi ya mwisho, ulianza mapema kabisa, tena kwenye miti. Mwaka 2000, katika vilima vya Tugen kule Baringo, Kenya, ilipatikana mifupa ya Orrorin, ya miaka milioni 6 hivi. Mfupa wa paja unaonyesha kwamba akiwa chini alitembea kwa miguu miwili, na bado alipanda miti.

Ndugu zangu wa Kakuma, nyinyi mko Turkana, kwa hiyo hii ni yenu. Mwaka 2024 wanasayansi walitangaza nyayo za Koobi Fora, mashariki ya Ziwa Turkana, zenye miaka milioni 1.5. Kwenye tope moja kuna nyayo za aina mbili tofauti, wanaodhaniwa kuwa Homo erectus na Paranthropus boisei, zilizokanyagwa kwa tofauti ya saa au siku chache tu. Mmoja hakuwa babu wa mwingine. Walikuwa majirani, wanatumia ufuko mmoja. Kwenye picha ya Zallinger majirani hao hawawezi kuchorwa, kwa sababu foleni ina nafasi ya mtu mmoja mmoja.

Tuseme basi na kuhusu sokwe wenyewe, maana picha inawadhulumu na wao. Inawaweka nyuma, kana kwamba walichoka njiani. Lakini tangu tuachane nao, miaka kati ya milioni 6 na 8 hivi kwa makadirio mengi, wao wametembea muda uleule tuliotembea sisi, kwa njia yao. Mwaka 1960 huko Gombe, Tanzania, Jane Goodall alimwona sokwe aliyemwita David Greybeard akichomeka bua la nyasi kwenye kichuguu kuvua mchwa. Huku Uganda, utafiti uliotoka mwaka 2009 uliwapa sokwe wa Kibale na wa Budongo fumbo moja: asali ndani ya tundu la gogo. Wa Kibale walichukua vijiti. Wa Budongo hawakuchukua vijiti, na baadhi yao walitafuna majani wakayafanya sifongo. Fumbo ni moja, desturi ni mbili, kama vile Wasamia na Wabembe wanavyoweza kupika samaki yuleyule kila mmoja kwa namna ya kwao. Na bonobo hawapatikani porini popote duniani isipokuwa Kongo, kusini ya ule mto mkubwa. Hao ni binamu zetu. Binamu hayuko nyuma yako, yuko nyumba nyingine ya ukoo.

Najua wako wasomaji ambao imani yao haiwaruhusu kukubali ukoo huo, na baadhi ya wachungaji waliomtetea Ota Benga nao hawakuukubali. Sitaki kumtoa mtu kanisani wala msikitini. Ninachosema ni kwamba ubaya aliotendewa Ota Benga haukutokana na kuwa na binamu msituni. Ulitokana na kupangwa laini, kisha mtu fulani akajipa ruhusa ya kuhesabu nani yuko wapi. Anayeamini ukoo na anayeukataa wote wanaweza kuikataa laini hiyo.

Nanyi mnaotuandalia semina, wengi wenu tunawaheshimu na kazi yenu tunaiona. Picha hii iacheni. Mtu aliyepoteza shamba Fizi au Rutshuru na sasa anapokea unga hajarudi nyuma kwenye utu. Alilima na kusomesha watoto kabla ya kuwa na kadi, na akipata ardhi kesho atalima tena. Hakuna hatua ya kuinama katikati.

Kwa walimu na wachoraji wetu nina ombi. Mkipata ukuta wa shule na rangi, msichore foleni. Choreni tope la Turkana lenye nyayo za aina mbili zinazopishana, na chini yake muandike mahali na umri: Koobi Fora, miaka milioni 1.5. Mtoto akiuliza nani alikuwa mbele, mwambieni azifuate nyayo zenyewe kwa kidole.