Mto, Mtumbwi na Mwenye Mtumbwi: Nchi ya Rwenzori katika Kitabu cha Stanley

Wako walimu wenzetu wanaoshikilia kwamba kitabu cha msafiri wa zamani ni mali ya somo la historia, wala hakimhusu mwalimu wa lugha. Sisi tunaofundisha Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, hatukubaliani nao. Kitabu cha H. M. Stanley kiitwacho In Darkest Africa, kilichotoka mwaka 1890, kiliwatangazia wasomaji wa Ulaya habari za nchi hii ya mito ishukayo kutoka Rwenzori, na vifungu vyake tumeviona madarasani, vimefupishwa na kutafsiriwa, bila mtu kuvihakiki. Tunakusudia kukihakiki hapa kama tuhakikivyo riwaya: kwa mandhari yake, wahusika wake na lugha yake.

Stanley alipita pande hizi mwaka 1889 pamoja na Emin Pasha, akashika njia ya Katwe na hatimaye pwani. Mlima wenye theluji ameuchora kwa mapenzi. Hapo kalamu yake yaenda vizuri, na hatuoni haya kumsifu. Ziwa la chumvi la Katwe pia amelitazama kwa makini. Lakini mto, kwake yeye, ni kizuizi. Semliki, utokao Ziwa Edward na kupita magharibi ya milima hadi Ziwa Albert, unapimwa na kuvukwa; ukisha kuvukwa hauna kazi tena katika hadithi.

Mto wa namna hiyo sisi hatuujui. Tuutazame ulio mlangoni petu, Lhubiriha, upitao kati ya Mpondwe na Kasindi. Mkataba wa mwaka 1910 kati ya wakoloni uliufanya kuwa sehemu ya mpaka, na kwenye ramani ukaandikwa Lubilia, jina ambalo bibi zetu wasingelitambua. Wakonzo wa huku na Wanande wa ng'ambo husikilizana bila mkalimani. Mtu ana shamba upande huu na shangazi upande ule. Sokoni Mpondwe, Kiswahili cha Kongo ndicho kinachopanga bei, hata wanafunzi wetu hukileta katika insha zao nasi tukakipiga mstari mwekundu, pengine kwa haraka mno. Tena mto huu una hasira. Mwezi Mei 2020 Nyamwamba, Mubuku, Nyamughasani na Lhubiriha ilifurika, nyumba na madaraja yakachukuliwa, na hospitali ya Kilembe ikaharibiwa vibaya. Kabla ya hapo, tarehe 1 Mei 2013, Nyamwamba ilikuwa imekwisha kuwatoa watu makwao. Mwandishi aliyeazimia kueleza maisha ya hapa hawezi kuuvuka mto mara moja na kuusahau.

Tukija kwenye lugha, hapo ndipo kitabu kinapotoboa siri yake chenyewe. Stanley anawaita wenyeji Wakonju. Askari wa Kabalega anawaita Warasura. Nchi anaiita Usongora. Sasa, Mkonzo akitaja watu wake kwa lugha yake husema Bakonzo. Hiyo Wa- imetoka wapi? Mwalimu yeyote wa Kiswahili anajua. Stanley aliondoka Unguja mwaka 1887 na mamia ya wapagazi wa huko, na majina aliyoyaandika yalipita kwanza vinywani mwao. Maana yake ni kwamba karibu na kila jambo alilolijua juu ya wenyeji alisimama Mwafrika, akiuliza, akitafsiri, akichagua neno. Kitabu cha Kiingereza kimejengwa juu ya mazungumzo ya Kiswahili, lakini mazungumzo yale hatuyasikii ipasavyo.

Wahusika wanadhulumiwa vivyo hivyo. Yupo Bevwa, mkuu wa Wakonzo waliofuatana na msafara dhidi ya Warasura. Huko Katwe yeye ndiye anayewatuliza watu wenye hofu. Kwa kipimo chochote cha uhakiki, huyu ni mhusika mkubwa. Alipata nini katika urafiki ule? Alimwacha nani nyumbani? Mwandishi anamtumia kisha anamwachia njiani, akabaki mhusika bapa. Hatusemi kwamba Stanley alilazimika kuandika riwaya; twasema kwamba anayesomesha vifungu hivi leo analazimika kuuliza maswali hayo.

Wakonzo wenyewe waliyauliza. Katika miaka ya 1950 Isaya Mukirane na wenzake waliunda chama cha kutafiti historia ya watu wao, na kutoka humo lilikua vuguvugu la Rwenzururu la mwaka 1962. Siasa zake na damu iliyomwagika si mada ya ukurasa huu. Kwetu yatosha kwamba walianza kwa kukusanya maneno ya wazee.

Tulipokisoma darasani kifungu cha kuvuka Semliki, tuliuliza maswali ya kawaida ya ufahamu: mto ulikuwaje, hatari ilikuwa ipi. Majibu yakawa sahihi na ya kuchosha. Ndipo msichana mmoja, ambaye baba yake ni mvuvi, akanyosha mkono. Alitaka kujua kama mitumbwi ile ya wenyeji iliyouvusha msafara ilirudishwa kwa wenyewe. Kifungu hakikumjibu, wala sisi hatukuwa na jibu. Tukafuta maswali yaliyokuwa ubaoni, tukawapa kazi ya kuandika habari za siku ile kama anavyozisimulia mwenye mtumbwi.