Kavacha haitaki mikono iliyokaza

Bandugu, jioni ukipita Cimpunda utasikia batri ya kwaya fulani iko kwenye mazoezi. Sebene ikianza tu, kijana anakimbiza. Watu wanasema: huyu ni mkali! Mimi nasema bado.

Tumezoea kumpima mpiga batri kwa mbio tu. Kavacha, mdundo ambao sebene nyingi zinasimama juu yake, ulitoka kwa Zaïko Langa Langa, kundi lililozaliwa Kinshasa mwaka 1969. Anayepewa sifa yake ni mpiga ngoma wao Meridjo Belobi, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Inasemekana aliutoa kwenye sauti ya treni. Treni, bana: inaenda mbio, lakini haibadilishi hatua.

Mapigo ya kavacha hayaachani kwa nafasi sawa. Kuna pengo fupi, kuna pengo refu, na hayo mapengo ndiyo yanachezesha kiuno. Mkono ukifika mwisho wa nguvu yake, kinachopotea kwanza si mbio, ni mapengo. Marefu yanaliwa, mafupi yanavutika, mwisho yote yanalingana kama mtu anayetwanga sombe. Mwenye kucheza anajua mbele ya mpigaji mwenyewe, juu miguu inakosa pa kukanyaga.

Eti anza pole pole, ongeza kidogo kidogo. Shauri zuri, lakini ni nusu. Pole pole unapiga kwa kifundo cha mkono, kila pigo unalinyanyua wewe. Kwa mbio kali fimbo inaruka yenyewe juu ya ngozi, vidole vinaichunga tu isitoroke. Ni mwendo mwingine kabisa! Kaa miezi sita kwenye pole pole, ule mwendo wa pili hutaujua.

Lazima uende pale mpakani, ila kwa muda mfupi: mizunguko 4 kwa mbio yako ya mwisho, unaacha, unashusha mabega, unarudia. Jirekodi kwa simu. Pengo refu likianza kuliwa, shuka kidogo, mpaka wako wa leo ni hapo. Dakika 10 mfululizo kule juu zinafundisha mkono kukaza tu, na mkono uliokaza unarudi kwenye sombe.

Kuna mmoja huku juu, mbio zake haziogopeshi mtu. Lakini dakika ya nane ya sebene, bamama ba kwaya bado wanacheza bila kuangalia chini. Siku ya ndoa yangu nitaita huyo.