Kulala na Mlalahoi: Kuisoma Hukumu ya Grants Pass

Hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya tarehe 28 Juni 2024, kuhusu mji wa Grants Pass, Oregon, inastahili kusomwa pia kama matini. Kwa kura 6 dhidi ya 3, majaji waliruhusu miji kuwatoza faini wanaolala nje, hata pale vitanda vya hifadhi visipotosha. Hoja ya Jaji Gorsuch imesimama juu ya nguzo ya kisarufi: sheria huadhibu tendo, si hali ya mtu. Jaji Sotomayor anaitikisa nguzo hiyo kwa kukumbusha kwamba usingizi ni hitaji la mwili.

Kiswahili kingeukataa mpaka huo mapema zaidi. Katika "mlalahoi", kitenzi kimekwisha kuwa mtu. Namna ya kulala imekuwa jina la tabaka. Kumwadhibu kwa kulala, basi, ni kumwadhibu kwa kuwa alivyo. Kisheria, hata blanketi lilitosha kugeuza mahali kuwa kambi. Njia ya kutii ikabaki kukesha au kuhama. Na pande zote mbili zilibishania usingizi. Nyumba yenyewe haikuwa mashtakani.