Kigezo Ukutani

Ukiingia karakana ya seremala, usianze na mashine. Tazama ukutani. Vile vipande vya plaiwudi vilivyotundikwa kwenye misumari, vyenye uwazi katikati na tarakimu za penseli pembeni, ndivyo vitakavyokuonyesha uko kwa fundi wa namna gani. Ni vigezo vyake vya ruta, ile mashine ya kuchongea matundu. Ruta hununuliwa, kigezo mtu hujichongea.

Chukua mlango wa paneli wa mninga: miimo 2, mbao za kulala 3, viungo 6 vya ulimi na tundu. Oda ya milango 8 ni matundu 48, na moja tu likienda upande, mlango hautakaa sawa kwenye fremu. Kwa patasi na nyundo, mkono wa asubuhi si mkono wa saa kumi jioni. Kigezo hakichoki.

Raha yake iko kwenye hesabu. Mbao ikibaki na unene wa milimita 36 baada ya kupigwa randa, tundu huchukua theluthi, yaani 12. Biti ya ruta ni ya milimita 12. Bushi inayoizunguka, ile inayotambaa ndani ya kigezo, ni ya 16. Kwa hiyo biti hukata milimita 2 ndani ya ukingo, kila upande. Ukitaka tundu la 12 kwa 80, uwazi wa kigezo ni 16 kwa 84. Ukisahau hizo 4, bushi haiingii kabisa.

Kisha unabana kigezo kwa klempu na kushuka milimita 5 kwa kila mpito, unga wa mninga ukirukia mikononi. Bushi ikigusa mwisho wa uwazi unaihisi viganjani kabla ya kuiona. Ncha za tundu hutoka na mviringo, nami huzinyoosha kwa patasi. Sehemu hiyo siichoki.

Wapo wanaosema huku ni kukwepa ufundi. Sikubaliani nao hata kidogo. Kosa la milimita moja kwenye kigezo litajirudia mara 48, kwa hiyo ufundi wote umehamia humo.

Basi fundi mwenzangu, ukimaliza oda usikitupe kigezo pamoja na mabaki. Plaiwudi haivimbi ovyo masika kama mbao, kitakufaa tena. Andika juu yake biti gani, bushi gani, kazi gani, halafu kitundike.