Jumba la Vioo: Hardwick Hall

Wahenga walinena kwamba nyumba njema si mlango. Kwa mizani ya methali hiyo na tupime Hardwick Hall, jumba la Derbyshire, Uingereza, lililojengwa baina ya miaka ya 1590 na 1597 kwa amri ya bibi tajiri, Elizabeth wa Shrewsbury. Mchoraji wake aaminiwa kuwa Robert Smythson.

Zamani hizo kioo kilikuwa ghali, naye bibi huyo akakitandaza ukutani kama mtu aanikaye mali yake hadharani. Juu ya minara sita ziliwekwa herufi za jina lake, E na S, zilizochongwa kwa mawe. Majivuno hayo hayafichiki.

Hata hivyo, jengo hili lina ukweli wake. Madirisha hukua kadiri yapandavyo: chini walikaa watumishi, katikati wenye nyumba, na juu kabisa vyumba vya kupokelea wageni wakuu. Aliye nje husoma daraja za waliokaa ndani.

Kasoro yake ni hii: ili pande zote zilingane, baadhi ya madirisha yalifanywa ya uongo, na nyuma yake mna dohani, hayaingizi nuru. Hapo jicho la mpita njia lilipendelewa kuliko mahitaji ya mkaaji.

Tangu 1959 jumba limo mikononi mwa National Trust, na sheria yalilinda. Lastahili ulinzi huo, uzuri na kasoro pamoja. Basi msomaji, utazamapo jengo lolote, uliza: lampendeza nani, na lamfaa nani?